Nyumba ya Kumi na Tisa

Kwa miaka thelathini na minne Tsuneo Haga alipeleka barua katika nyumba zote za Hinokuchi, na hakuna mlango hata mmoja aliowahi kuukosea. Naanza na hilo kwa makusudi. Ukimwona leo anapanda mlima, kofia imepauka na magoti yamekwisha, utadhani ni mzee wa kawaida anayekwenda kuangalia miti yake ya yuzu, malimau ya kwetu. Na ni mzee wa kawaida kweli. Alilolifanya nalo ni la kawaida, ndiyo maana linaniuma, kwa sababu penseli ilikuwa mkononi mwangu.

Kitongoji chetu kimekaa ubavuni mwa mlima. Ukihesabu mapaa utapata thelathini, lakini kumi na moja ni nyumba tupu. Watoto wamekwenda Osaka, wazazi wamekwenda makaburini, na mianzi imeingia mpaka jikoni. Nyumba zenye watu ni kumi na tisa. Ishike idadi hiyo, maana sisi tuliiacha iponyoke.

Uenyekiti wa chama cha kitongoji kwetu hauombwi wala haukataliwi. Unakuja kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na mwaka ule zamu ilimwangukia Haga. Mimi, Morio Takechi, nilifanywa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri na sijui kusema hapana. Kiangazi kilichotangulia, mlima wa bonde la jirani ulikuwa umeporomoka baada ya mvua ya siku tatu ukafukia nyumba sita. Tulikwenda kuchimba. Tuliporudi hakuna aliyeweza kulitazama genge letu wenyewe, ule ukuta wa mlima juu ya nyumba zetu, bila hofu.

Kwa hiyo mkoa ulipotangaza ruzuku kwa vitongoji vitakavyojipanga kujikinga na maafa, Haga alikuja ukumbi wa chama Jumapili asubuhi na bahasha kifuani, amechangamka kama bwana harusi.

"Takechi, sikia hii. Wanatoa redio ya tahadhari kwa kila nyumba. Kila nyumba! Na machela, na jenereta, na king'ora."

"Na wao wanataka nini?"

"Fomu. Kurasa ishirini na mbili."

"Basi na tufe tu."

"Hebu funga mdomo ukachonge penseli."

Nakwambia ukweli, zile wiki za mwanzo zilikuwa raha. Mtu aliyetumikia posta hupenda fomu kama wengine wanavyopenda karata. Haga alijua kila nyumba ina watu wangapi, nani haoni vizuri, nani hawezi ngazi, mbwa gani anauma. Tulipima njia kwa kamba. Tulipiga picha za mazoezi ya kukimbia maafa, na Iwao Nakauchi, mkulima mwenye sauti ya tarumbeta, alijilaza kwenye machela akajifanya maiti mpaka mkewe akamfinya. Tulicheka sana siku ile.

Tulipofika ukurasa wa tisa, Haga akaacha kusoma kwa sauti.

Ukurasa wa tisa ulisema kila nyumba inayokaliwa lazima iwe ndani ya mpango. Mzee asiyeweza kuondoka peke yake aandikwe, na pembeni yake liandikwe jina la jirani atakayekwenda kumchukua. Na kama ipo nyumba isiyo mwanachama, basi mwenye nyumba atoe ridhaa yake, kwa muhuri wake mwenyewe, ule tunaoupiga badala ya sahihi. Ikikosekana nyumba moja, fomu nzima inarudishwa.

"Kuna nyumba moja," nilisema.

"Najua kuna nyumba moja," alisema Haga. "Unadhani mimi sijui kuhesabu?"

Ilikuwa ya Bibi Fusae Mikuni, ile ya juu kabisa, chini ya genge lenyewe. Miaka kumi na mmoja nyuma, zamu ya uongozi ilifika kwake wakati mumewe yuko kitandani, mapafu yamekwisha. Bibi Fusae akaomba arukwe mwaka huo mmoja tu. Mkutano ulikaa, ukakohoakohoa, ukaona kwamba akirukwa mmoja leo, kesho wote watakuwa na wagonjwa. Aliyetumwa kupeleka jibu ni Haga, kwa kuwa alizoea milango. Alisimama kizingitini na kitabu cha kanuni mkononi, akamsomea kifungu. "Zamu ni zamu, Mama." Ndani, mgonjwa alikuwa anakohoa. Bibi Fusae alimsikiliza mpaka nukta ya mwisho, akaingia ndani, akatoka na faili la mzunguko, lile linalopita nyumba hadi nyumba na matangazo yetu: unasoma, unapiga muhuri, unampelekea jirani. Akamrudishia kwa mikono miwili. "Basi tutoeni chamani," alisema. Mumewe hakuuona mwaka mpya.

Tangu siku hiyo faili linamruka. Kizimba cha taka pale njia panda ni cha chama, kwa hiyo asiye mwanachama hatupi humo. Bibi Fusae, leo ana miaka themanini na tatu, husukuma mfuko wake wa taka kwenye kigari cha mkono kilomita mbili mpaka kwenye kituo cha mji. Tulikuwa tunampita na vipikapu vyetu, vigari vya mizigo, huku tukikodolea macho barabara, kana kwamba barabara ile ina jambo jipya. Wazee wetu wa kale, na ukali wao wote, walipomtenga mtu walimwachia vitu viwili: nyumba yake ikiungua mnakwenda, na akifa mnakwenda. Sisi hatukumtenga, la hasha. Sisi tulifuata kanuni.

Haga alipanda kwenda kumwomba muhuri mara tatu. Mara ya kwanza alimkuta bustanini anazungumza na paka, akaona si vizuri kuwakatiza. Mara ya pili alinunua boksi la keki za maharage kwa ajili ya kuombea radhi, akafika langoni, akarudi nalo. Keki hizo tulizila sisi wawili ukumbini na chai. Zilikuwa tamu, na hilo nalo nalionea haya. Mara ya tatu hakunieleza kilichotokea, alisema tu kwamba lile lango halijabadilika hata rangi tangu siku ile ya kanuni.

"Nenda wewe," aliniambia.

"Mimi? Aliyemsomea kanuni ni nani?"

"Na aliyezinakili wakati ule kwa mwandiko mzuri ni nani?"

Hakuna aliyekwenda. Mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Ijumaa. Jumatano asubuhi tulikuwa tunapaka rangi ramani: nyumba zenye watu rangi ya chungwa, nyumba tupu kijivu. Nilimaliza za chini, za katikati, nikafika juu. Nikanyanyua penseli nikamngoja. Haga alikuwa dirishani, amenipa mgongo.

"Ya juu?" nikauliza.

Hakugeuka. "Zipo tupu kumi na moja," alisema. "Kumi na mbili nani atajua?"

Ningeweza kuiweka penseli mezani. Ningeweza kusema, twende wote wawili sasa hivi kabla miguu haijapata wazo jingine. Nilichofanya ni kuchukua kijivu. Niliipaka nyumba ya mwanamke aliye hai taratibu, bila kuvuka mstari, nikaandika pembeni yake maneno mawili: nyumba tupu. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na mpaka leo nauchukia kwa hilo.

Utasema basi wakosaji ni wawili. La. Ramani ilifungwa kwenye faili la mzunguko, ikapita nyumba zote, kila mwenye nyumba aione na apige muhuri. Ilirudi kesho yake jioni, na haijawahi kurudi upesi namna hiyo, ikiwa na mihuri myekundu kumi na nane. Kila mmoja wetu aliuona moshi wa jiko la Bibi Fusae asubuhi ile alipokuwa anatafuta muhuri wake kwenye droo. Hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa kumi na mbili ofisi ya mji ilimtuma mkaguzi, binti mmoja aitwaye Orihara, mwenye buti za mpira na ubao wa kuandikia. Alikuwa mwema, na hilo lilizidisha adha. Alisifu picha zetu, akasifu mwandiko wangu. Tulimpitisha njia za chini tukitumaini baridi itamchosha, lakini alisema angependa kuona genge kwa karibu.

"Pale juu ni nyumba tupu, sivyo?" aliuliza akitazama ramani.

"Ndiyo," alisema Haga.

Tulipokata kona tukaiona. Chini ya upenu zilining'inia kaki, matunda yetu ya kukausha, nyuzi kwa nyuzi, zimemenywa juzi juzi. Nguo zilikuwa kwenye kamba. Na Bibi Fusae mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani anamenya nyingine, kisu mkononi, paka miguuni. Haga alisimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Orihara aliinama kwa heshima. "Samahani, Bibi. Hapa kwenye ramani pameandikwa kuwa nyumba hii haina mtu."

"Hebu nione," alisema Bibi Fusae.

Akafuta kisu kwenye aproni, akavaa miwani yake, akaiangalia ramani. Aliiangalia sana. Kidole chake kikapita juu ya nyumba za rangi ya chungwa, moja moja, kikafika kwenye kijivu kikatua. Kisha akamtazama Haga, akanitazama mimi. Naapa ningefurahi kama angetutukana.

"Ni kweli," alisema akimrudishia. "Ni tupu. Mimi nakaa kwa binti yangu mjini. Nimekuja tu kukausha kaki za marehemu mume wangu, zisioze mtini."

"Na hizi nguo?"

"Mvua ilininyeshea jana, mwanangu."

Wiki nzima haikunyesha hata tone. Orihara aliandika kitu kwenye ubao wake. "Afadhali basi nimeuliza," alisema, "maana ramani hii ikipitishwa, nakala inakwenda zimamoto. Mlima ukishuka, kwenye nyumba tupu hawapotezi muda kuchimba."

"Wana akili," alisema Bibi Fusae, akachukua kaki nyingine akaanza kumenya.

Tuliposhuka Orihara alizungumza njia nzima na sisi hatukumsikia. Alipoondoka na gari lake, Haga alikaa kwenye ukingo wa mfereji akashika kichwa.

"Kwa nini amesema vile?" aliuliza. "Takechi, angetumaliza pale pale. Kwa nini amesema vile?"

Nilimwambia sijui. Nilijua. Angesema ukweli, tungenyimwa redio, na jioni ile ile watu wangeanza: Mikuni tena, Mikuni kaharibu. Alikwisha kutujua. Aliona afadhali aitwe hayupo kuliko kuitwa mkorofi mara ya pili.

Kesho yake Haga alivaa suti yake nyeusi, ile ya misiba, akapanda basi la saa mbili kwenda ofisi ya mji. Hakunialika. Alimweleza Orihara na mkubwa wake kila kitu, na nimesikia kwamba jina langu hakulitaja popote, ramani yote aliichukua yeye. Nilipaswa kupanda basi la saa nne kwenda kusema si yeye peke yake. Basi nililiona likipita. Fomu zetu zilirudishwa na barua ya kistaarabu iliyosema tunaweza kuomba upya mwaka wa fedha ujao, iwapo taarifa zitakuwa sahihi.

Mkutano uliitishwa mchana wa Jumapili. Watu walikaa chini kwenye mikeka na makoti yao, maana jiko la mafuta lilikuwa bovu. Haga alipiga magoti mbele yao, paji la uso likagusa mkeka, akaomba radhi.

"Unaomba radhi kwa lipi?" Nakauchi alifoka. "Kwa kuandika uongo, au kwa kwenda kujitangaza? Redio zimekwenda! Mimi nina mama ana miaka tisini kule nyumbani!"

"Kwa yote mawili."

"Na yule bibi, nani alimtoa chamani? Si alijitoa mwenyewe? Tulimfukuza sisi?"

"Mimi ndiye niliyemsomea kanuni," alisema Haga, bado kainama. "Mumewe anakata roho, mimi namsomea kifungu."

"Sawa, hiyo ni yako. Sisi tumeingiaje?"

Haga akainua kichwa. Akalivuta faili la mzunguko, akalifungua kwenye ile karatasi, akaliweka sakafuni mbele ya Nakauchi. Mihuri kumi na nane.

"Huu wa pili ni wa nani, Iwao?"

Nakauchi aliuangalia muhuri wake. "Mimi hupiga tu," alisema kwa sauti ndogo. "Kwani kuna mtu anasoma haya makaratasi?"

"Mimi nilisoma," alisema mkewe kutoka nyuma. "Nilisoma, nikampelekea jirani."

Hapo kila mtu akawa anachunguza ususi wa mkeka wake. Nilitaka kusema kwamba rangi niliipaka mimi. Niliandaa maneno kichwani, nikayapanga vizuri kama kawaida yangu, na nilipokuwa nayapanga, mkutano ukaisha. Kizimba cha taka kilikubaliwa kiwe cha wote kuanzia wiki hiyo, bila kupiga kura. Bibi Fusae aliendelea kusukuma kigari chake mpaka mjini kama vile hakuna kilichobadilika.

Majira ya machipuo fomu mpya zilikuja. Safari hii Haga alisema hapandi peke yake na haniachi nyuma. Tulifika langoni mikono mitupu, maana tulishindwa kukubaliana ni zawadi gani inayofaa jambo kama lile. Bibi Fusae alisukuma mlango pembeni nusu, akakaa kwenye kizingiti cha juu, sakafu ya ndani inapoanzia. Hakutukaribisha tuvue viatu. Tulisimama pale chini panapovuliwa viatu, na pale palikuwa na jozi moja tu.

Haga aliinama mpaka nikaogopa ataanguka. "Mama Mikuni, nilikuandika kwamba hupo. Na kabla ya hapo nilikuja mlangoni hapa na kanuni. Sina la kujitetea."

"Fomu iko wapi?" aliuliza Bibi Fusae.

Aliisoma yote. Kurasa ishirini na mbili, neno kwa neno, na sisi tumesimama. Nadhani ndiye mtu pekee wa Hinokuchi aliyewahi kuisoma. Alipomaliza alileta muhuri wake, akaupulizia, akaupiga mahali pa ridhaa. Kisha akaweka kidole kwenye mstari uliobaki wazi.

"Hapa mnataka jina la mtu atakayekuja kunichukua."

"Ndiyo, Mama. Yeyote unayemtaka," Haga alisema. "Nakauchi ana nguvu. Au nimwombe—"

"Andika lako."

"Mimi nina miaka sabini na moja. Magoti yangu..."

"Andika lako," alirudia. "Usidhani nimekusamehe, sijafika huko, na sijui kama nitafika. Nataka mvua ikianza kugonga bati lako uwe unanikumbuka, upende usipende. Miaka kumi na mmoja mimi nimekuwa nikiisikiliza peke yangu."

Haga aliandika. Herufi zilimtoka mbaya, zimeinama hovyo. Nilinyoosha mkono nimsaidie, Bibi Fusae akanitazama, nikaurudisha mfukoni.

Ruzuku ilipita. Mwezi wa tano tulipata king'ora, jenereta, machela na redio kumi na tisa nyeupe. Haga alimfungia yake ukutani kwa skrubu, na hata siku hiyo hakuambiwa apande juu ya kizingiti. Msimu wa mvua ulipoingia, kila ilipoanza kunyesha kwa nguvu mchana tulimwona anapanda na mwavuli. Alikuwa akikaa pale penye viatu, akinywa chai aliyosukumiwa, akishuka mvua ikikatika. Watu walimtania. "Mwenyekiti anakwenda kuchumbia!" Nakauchi alipiga kelele mara moja kutoka shambani kwake. Hakurudia tena.

Siku ya kumi na tisa ya msimu, saa mbili asubuhi, redio zote zikalia kwa pamoja: wazee na wasiojiweza waondoke sasa, wakimbilie ukumbini. Mvua ilikuwa inashuka kwa mapipa. Nilileta kipikapu changu mpaka mwisho wa lami, mahali ngazi za kwake zinapoanzia, nikawasha taa nikangoja. Baada ya muda nikamwona Haga anashuka ngazi moja moja, Bibi Fusae mgongoni, amefunikwa koti la mvua, paka ndani ya koti anapiga kelele.

Nikafungua mlango. "Ingieni haraka!"

"Umbali gani mpaka ukumbini?" aliuliza Bibi Fusae.

"Hatua mia tatu hivi, Mama," alisema Haga akihema.

"Utaziweza?"

Haga alimkaza vizuri mgongoni. "Nitaziweza."

"Basi pita barabara ya mbele ya nyumba. Taratibu."

Niliwafuata kwa nyuma na gari, gia ya kwanza, roho mkononi kwa ajili ya lile genge. Mlima haukushuka siku ile, mtu asije akangoja nimwambie ulishuka. Watu walikuwa milangoni wanafunga mizigo, wanavalisha wazee wao viatu. Mbele ya nyumba ya kwanza Bibi Fusae alimgonga Haga begani asimame. Kwetu mgeni anapohamia kitongojini hupita mlango kwa mlango, akajitaja jina na kuomba apokelewe vyema. Yeye alifanya hivyo mara moja alipokuja hapa kuolewa, miaka sitini imepita.

"Mimi ni Mikuni, wa nyumba ya juu," alisema kutoka mgongoni, akiinamisha kichwa kwa adabu zote. "Naomba mnipokee vyema."

Halafu nyumba ya pili. Halafu ya tatu. Haga anasimama, anainama naye, anaendelea. Mke wa Nakauchi alijifunika uso kwa taulo. Nakauchi, na lile tarumbeta lake, alivua kofia akabaki ameishika kwenye mvua.

Ya saba ni yangu. Hakukuwa na mtu mlangoni kwa sababu mwenyewe nilikuwa nyuma yao kwenye gari, na kwa muda nikadhani nimenusurika. Bibi Fusae akamgonga Haga begani. Wakageuka wote wawili, wakanijia mpaka dirishani pangu, nami nikateremsha kioo.

"Mimi ni Mikuni, wa nyumba ya juu," aliniambia, maji yakimtiririka kwenye nyusi. "Naomba unipokee vyema."

Jibu lake kila mtoto wa kwetu analijua. Unasema, sisi ndio tunaokuomba wewe utupokee. Ni maneno machache tu. Nilifungua mdomo na hayakutoka, nikainamisha kichwa mpaka kikagusa usukani, na niliponyanyua walikwisha kufika nyumba ya nane.